Talaka Isiyoulizwa Sababu

Mchungaji Hilding Norrby alikuwa na kazi mbili katika usharika wa Tallmo, na aliyoipenda zaidi ilikuwa ile ya pili. Ya kwanza ni ya wachungaji wote, kuhubiri na kubatiza na kuzika. Ya pili ilikuwa kupatanisha wanandoa. Zamani hizo, mume na mke wakitaka kutengana, mahakama haikuwasikiliza mpaka wawe wameketi kwanza mbele ya mpatanishi, naye mara nyingi alikuwa mchungaji wao. Awasikilize, awasihi, na wakimshinda awape karatasi ya kuthibitisha kwamba wamesihiwa wakakataa. Hilding alichukia kuitoa karatasi hiyo. Siku akiitoa, nyumba nzima ilijua, maana alikula chakula cha jioni amenuna.

Lakini hakuitoa mara nyingi, na hilo ndilo lililomtia kiburi. Alikuwa na mtindo wake. Aliwaketisha wawili hao kwenye sofa la kijani ofisini kwake, yeye akakaa mbele yao kwenye kiti kigumu, na kabla hawajaanza kurushiana maneno akawaambia: "Hapa hakuna kumsema mwenzako. Kila mtu ataanza na kosa lake mwenyewe. Tena lile kubwa kuliko yote, lile ambalo hujamwambia mtu."

Mtindo huo aliubuni mwenyewe, na kwenye mikutano ya wachungaji wa dayosisi hakuchoka kuusimulia. Mtu akishalitoa, alisema, machozi humtoka, na mwenzake humshika mkono. Hapo Hilding alikohoa kuelekea mlangoni, na mkewe, Gunvor, aliyekuwa akingoja nje na sinia, akaingia na kahawa na mikate ya mdalasini. Hajazaliwa mtu, Hilding alipenda kusema, wa kudai talaka huku mdomo umejaa mkate wa mdalasini.

Mwaka 1974 ulipoingia, sheria mpya ikaifuta kazi hiyo. Anayetaka talaka anaomba talaka, basi. Haulizwi kwa nini, haulizwi nani kakosa, wala hapelekwi kwa mchungaji. Wakikubaliana wote wawili na hawana watoto wadogo nyumbani, wanaachana mara moja. Mmoja akikataa, wanapewa miezi sita ya kufikiri, na baada ya hapo anayetaka kwenda anakwenda. Hilding aliihubiri sheria hiyo Jumapili ya kwanza ya mwaka, uso umemwiva. "Wameifanya ndoa kuwa kama gazeti la kuletewa nyumbani," alisema. "Unaandika barua moja tu kwamba hulitaki tena, na kesho yake haliji." Watu walicheka kidogo. Gunvor alikuwa benchi la mbele, kofia yake ya kijivu kichwani, hakucheka.

Wiki ya pili yake, asubuhi, wakinywa uji, Gunvor akasema, "Hilding, nimeomba talaka."

Hilding aliendelea kupaka siagi mkate wake mpaka ukingoni. "Ya nani?"

"Yangu. Yetu. Utapata barua ya mahakama wiki hii, nami sikutaka uisikie kwanza kwa mleta barua."

Kisu kikamtoka mkononi. Alimwangalia mkewe kama anamwona kwa mara ya kwanza, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, nywele amezifunga vizuri, anapuliza kahawa yake.

"Nimekukosea nini?"

"Sikusema umenikosea."

"Basi wewe ndiye uliyekosa."

"Wala mimi."

"Kuna mwanamume?"

"Tallmo hii?" Gunvor aliinua nyusi. "Yupi huyo, Hilding? Nitajie, nami nimwone."

"Usinifanyie mzaha! Watu hawaachani hivi hivi."

"Sasa wanaachana hivi hivi. Si ndivyo ulivyohubiri?"

Hilding alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa na maneno kwa ajili ya kila mke aliyewahi kutaka kuondoka, lakini mke mwenyewe siku zote alikuwa wa mtu mwingine. "Ungeniambia mwaka jana," alisema mwishowe. "Tungekaa, tukazungumza."

"Mwaka jana ningepelekwa kwa mchungaji wa Ytterbo, nikae kwenye sofa lake, nitaje kosa. Nilingoja sheria ili nisitaje."

"Ulingoja kwa muda gani?"

"Wa kutosha."

"Basi mimi sikubali. Nitawaandikia kwamba sikubali."

"Sawa. Itakuwa miezi sita."

"Katika miezi sita Mungu anaweza kufanya mengi!"

"Anaweza," Gunvor alisema, akikusanya bakuli. "Ila mwachie nafasi basi, usimsukumesukume."

Akahamia chumba cha juu, kile cha binti yao Solveig, ambaye siku nyingi alikuwa anasoma Uppsala. Mambo mengine hayakubadilika. Alipika, alipiga pasi kola za mumewe, aliwapa kwaya kahawa kila Alhamisi. Ukimtazama humdhanii kitu. Hilding aliona hilo ni gumu kuliko kama angepasua sahani.

Akawa na shabaha moja tu: kuijua sababu. Alijiambia kwamba sababu ikipatikana, ataitengeneza. Ikiwa ni ubahili, atafungua mkono. Ikiwa ni usharika, ataomba uhamisho waende mjini. Hakuna sababu ambayo hajawahi kuikuta kwenye sofa lile, na nyingi aliziponya. Lakini asichotajiwa atakitibu vipi? Miezi sita ilikuwa yake, naye alikusudia kuitumia.

Mwezi wa Februari akamwita ofisini. Gunvor alikuja bila ubishi, akaketi kwenye sofa la kijani, mikono magotini. Hilding alishindwa kujua akae wapi. Akikaa kwenye kiti kigumu, yeye ni mpatanishi. Akikaa kwenye sofa, ni mume. Mwisho akakaa kwenye sofa, ila pembeni kabisa.

"Tutaanza kila mtu na kosa lake," alisema. "Nitatangulia."

Na kweli alitangulia. Alisema alikuwa mbahili. Alisema mama yake Gunvor alipokuwa akiumwa, yeye alikuwa kwenye mkutano wa dayosisi na angeweza kurudi mapema lakini hakurudi. Alisema alimwambia Gunvor mbele ya askofu kwamba hajui siasa. Akatafuta tena, akaongeza kukoroma. Machozi yakamlenga kwa kweli, si ya maonyesho. Kisha akamngoja.

"Umemaliza?" Gunvor aliuliza.

"Nimemaliza. Sasa wewe."

"Hilding, mimi nimesimama nje ya mlango huu miaka kumi na tisa na sinia mkononi. Nimesikia kila kilichosemwa kwenye sofa hili. Mimi hapa sisemi kitu." Akainuka, akalainisha sketi yake. "Asante kwa hayo uliyosema. La mama nilikusamehe zamani. La kukoroma bado."

Habari zilienea, kama zinavyoenea katika kijiji chenye duka moja. Watu wa Tallmo walikuwa wameishi umri wao wote wakijua kwamba ndoa ikivunjika kuna aliyeivunja, na kazi ya wengine ni kumtambua. Sheria ilibadilika usiku wa mwaka mpya, wao hawakubadilika. Majken, mpiga kinanda wa kanisa, alisimama mbele ya kabati la soseji dukani akatoa hukumu kwa sauti ambayo hata aliyekuwa kwenye viazi aliisikia. "Lazima kuna mtu. Ama yeye anaye, ama mchungaji anaye. Mke wa mchungaji haondoki kwa ajili ya hewa." Wengine wakamtilia shaka daktari wa meno wa Ytterbo, ambaye Gunvor alimtembelea mara mbili vuli iliyopita, na maskini yule mzee alikuwa amemtengenezea meno tu. Wanawake wa kwaya waliacha kubaki kunywa kahawa. Waliaga mlangoni, koti mwilini, wakisema wameacha viazi jikoni.

Hilding alimpigia simu binti yake. "Mama yako amekuambia nini?"

"Kwamba mnaachana."

"Na sababu?"

"Baba, nilimuuliza. Akasema akiniambia mimi, wewe utanichimba mpaka niitoe."

Hilding alikata simu akiwa amekasirika, zaidi kwa sababu ilikuwa kweli.

Majira yale nyumba tatu za usharika ziliachana, hata moja haikupita kwake. Alizisikia dukani kama watu wengine. Mwenye kiwanda cha kupasua mbao na mkewe waligawana vitu mchana mmoja, wakasaidiana kubeba kochi. Hilding aliwaona kwa dirisha la gari, huyu ameshika mbele, huyu nyuma, mke anamwambia mume aangalie ngazi. Jambo lile lilimuudhi siku nzima, na hakuweza kusema kwa nini.

Mwisho wa Mei ndipo alipowakumbuka Svea na Algot.

Hao walikuwa fahari yake. Mwaka 1961 walikuja kwake kuomba karatasi, wakatoka bila karatasi, na tangu hapo kila Jumapili walikaa kanisani benchi moja. Mikutanoni aliwasimulia bila kuwataja majina. Sasa akawaza: Svea aje azungumze na Gunvor, mwanamke kwa mwanamke. Amwambie jinsi walivyovuka. Akawasha gari akaenda shambani kwao, ng'ambo ya ziwa, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga. Walioshindikana aliwafuatilia, lakini waliopona aliwaacha na kupona kwao.

Svea alimfungulia akamkaribisha jikoni. Hilding alisimama kizingitini, asijue aelekee wapi. Jikoni mlikuwa na meza mbili ndogo, moja chini ya kila dirisha. Juu ya jiko kulikuwa na mabirika mawili ya kahawa. Vikombe vyenye maua vilikuwa rafu ya kushoto, vya buluu rafu ya kulia.

"Kaa huku, Mchungaji," Svea alisema. "Huku ndiko kwangu."

Akakaa. Alieleza shida yake kwa kujikwaa, na Svea, mwanamke mwembamba aliyepita miaka sitini, alimsikiliza bila kumkatiza, akimimina kahawa kutoka birika la kushoto. Katikati ya maelezo Algot aliingia kutoka zizini, akamsalimu mgeni kwa kichwa, akajimiminia kutoka birika la kulia, akakaa kwenye meza yake akiwapa mgongo.

"Unataka nimwambie Mama Mchungaji tulivyopatana," Svea alisema.

"Ndiyo."

"Hatukupatana." Alisema bila ukali, kama anamweleza mtu njia. "Tulikuja kwako tumeshaelewana tuachane. Hatukuwa na ugomvi hata mmoja. Tulikuwa tumechokana tu, na dada yangu alikuwa na chumba Gävle. Tulihitaji karatasi yako, basi. Wewe ukasema kila mtu ataje kosa lake kubwa, lile ambalo hajamwambia mtu. Unakumbuka nilisema nini?"

Hilding alikumbuka.

"Nilisema nilimkubali Algot kwa sababu kaka yake alinikataa. Miaka ishirini na tisa sikuwa nimemwambia, wala sikukusudia kumwambia. Neno lenyewe lilikuwa limeshaoza, halina kazi. Lakini mchungaji kasema useme, nani atamdanganya mchungaji? Nikasema. Algot akanishika mkono, nawe ukakohoa. Ulidhani amenishika kwa huruma. Alinishika nisiende."

Upande wa pili wa jikoni, Algot aliweka kikombe chini. Alisema akiutazama ukuta. "Nilikuwa nimeshamnunulia sanduku la safari. Zuri, la ngozi. Ningempeleka stesheni mimi mwenyewe." "Baada ya lile neno nisingeweza kumwacha aende akafurahi. Nisingeweza. Mchungaji anisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa."

"Kumi na mitatu," Svea alisema. Hakusema kumi na mitatu ya nini, wala hakukuwa na haja.

Hilding alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Sasa tumeomba tena," Svea aliendelea. "Mwezi wa tatu, majina yote mawili. Hakuna aliyetuuliza kitu. Nakwenda Gävle baada ya wiki mbili. Na mkeo hana haja ya kusikia kwangu, Mchungaji, kwa sababu anajua. Si ndiye aliyeingia na kahawa? Wewe ulikuwa unafuta miwani yako. Yeye aliuona uso wa Algot. Tangu mwaka ule, kila vuli anakuja hapa na jamu, chupa mbili. Anakunywa kikombe kwangu, kisha anahamia kule anakunywa kingine kwa Algot. Hajawahi kututajia siku ile hata mara moja."

Kurudi, Hilding aliendesha polepole hata trekta likampita. Mpaka asubuhi hiyo alikuwa amejishawishi kwamba Gunvor hasemi kwa sababu hana la kusema, au kwa sababu ya ukaidi. Sasa alielewa kwamba lipo. Lipo, limekaa mdomoni mwake miezi yote hii, huenda miaka, na yeye amelizuia kwa meno ili lisimwangukie mumewe. Aliogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na pamoja na hofu hiyo bado alitamani kulisikia, kama ulimi unavyotaka kugusa jino bovu.

Hakumkuta nyumbani. Alikuwa ziwani, kwenye gati dogo la mbao nyuma ya makaburi, anafua mazulia. Kila mwanzo wa kiangazi wanawake wa kijiji walikutana hapo na brashi na sabuni ya kahawia, wakapiga magoti, wakasugua mazulia ya vitambaa waliyokanyaga majira yote ya baridi, na vicheko vyao vilisikika mpaka kanisani. Mwaka huu Gunvor alikuwa peke yake. Wenzake wangekuja kesho, au walikuja jana, wakijua yeye haji.

Alikuwa ameshasugua zulia refu la ukumbini na anajaribu kulikamua. Zulia lililolowa ni zito kama ndama, na halikamuliwi na mtu mmoja. Alilishika upande mmoja akalisokota, upande wa pili ukamcheka.

Hilding alivua koti, akakunja mikono ya shati, akapiga hatua kwenye gati akaokota ncha ya pili.

Gunvor alimtazama. "Umewahi kukamua zulia wewe?"

"La."

"Mimi nasokota kulia, wewe sokota kulia pia. Usinifuate mimi, fuata mkono wako. Na ushike kweli."

Walisokota. Maji yakamwagika kwenye viatu vya mchungaji, viatu vya kanisani. Mara ya kwanza ncha ilimponyoka, na Gunvor akacheka, kicheko ambacho Hilding hakukisikia tangu Krismasi. Waliokota wakaanza upya.

"Nimetoka kwa Svea," alisema.

"Nimeona gari likipita ng'ambo."

"Kesho nitawaandikia mahakamani kwamba nimekubali. Hakuna haja ya kungoja Julai."

Gunvor aliacha kusokota. Zulia likalegea katikati yao, likaanza kunywa maji tena. Alimwangalia, na machozi yakamjaa machoni, naye hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Na hutauliza?"

"Nimeuliza tangu Januari."

"Ndiyo maana nashangaa. Hilding, sasa umeniachia. Sasa naweza kukuambia ukitaka. Si haki uniachie halafu ubaki hujui. Niulize, nitakujibu."

Alikuwa umbali wa zulia moja kutoka kwake. Neno lilikuwa palepale, na mwenyewe amekubali kulitoa, bila sofa, bila kukohoa. Aliyewafanya wengine watoe maneno ya aina hiyo miaka kumi na tisa alitakiwa kufungua mdomo tu.

"Shika zulia," alisema.

"Hilding..."

"Shika, Gunvor. Linalowa."

Akashika. Walilikamua mpaka likaacha kutoa maji, wakalibeba, huyu mbele na huyu nyuma, wakalitundika kwenye ubao wa kukaushia. Yalibaki mengine manne. Waliyamaliza bila kusema zaidi ya "vuta" na "hapo" na "angalia msumari". Gunvor alilia kwenye mazulia mawili ya kwanza, kisha akaacha.

Aliondoka siku chache kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, akapata kazi kwenye maktaba ya Sundsvall. Hilding ndiye aliyempeleka stesheni. Majken alikuwa dirishani kwake, akaona mchungaji akimbebea mkewe masanduku, akashindwa kabisa kujua amweke nani hatiani, na inasemekana juma lile alipiga nyimbo vibaya.

Sababu Hilding hakuijua kamwe. Alijaribu kujitafutia mwenyewe, jioni baada ya jioni, jikoni mlimokuwa na kikombe kimoja. Alizijaribu nyingi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu makoti dukani, na hakupata hata moja iliyombana; zote zilimkaa sawasawa.